Watoto wa Mama N'tilie: mbona urafiki hatuuhakiki?

Mshike mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi ya kidato cha tatu na cha nne katika miaka hii ya 2000, umwombe akutajie dhamira za Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo iliyotolewa na Heko mwaka 2002. Atakutiririshia bila kuvuta pumzi: umaskini, ulevi, malezi mabaya, dawa za kulevya, nafasi ya mwanamke. Ukimbana sana ataongeza "makundi mabaya". Urafiki wenyewe hautaji, na hilo linashangaza, maana hiki ni kitabu cha watoto walioachiwa wenzao tu.

Jambo hili nililiona vizuri nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huku kwetu milimani, upande wa Lutindi, wilaya ya Korogwe. Darasa lilikuwa na nakala tatu za riwaya na fotokopi zisizo na idadi za "notisi". Nikauliza: jamani, kitabu kinahusu nini? Mikono juu darasa zima, na majibu yakaja yamepangwa vilevile kama kwenye karatasi. Mtihani wetu wa taifa hutaka hoja kadhaa kutoka katika kila kitabu, kwa hiyo mwanafunzi hufunga hoja zake kama mzigo wa kuni na kuziteremsha siku ya siku. Simlaumu. Sisi wenyewe hapa chuoni tunafanya hayohayo, tofauti yetu ni maneno makubwa.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima hakuwa amefungua kinywa, akasema: "Mwalimu, sasa kama wale wa jaani wasingewapokea, wangekwenda wapi?"

Nikakosa jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Hebu tuangalie kisa. Mama N'tilie anauza chakula (jina lenyewe limetokana na sauti ya mteja anayenyoosha sahani: nitilie!), na mumewe, Mzee Lomolomo, anauza akili yake kwenye pombe. Watoto wao, Peter na Zita, wanatimuliwa shuleni na Mwalimu Chikoya kwa kukosa ada na sare. Baba hana msaada. Mama anahangaika na sufuria zake, na kinachopatikana kinaishia tumboni, tena pasipo kushiba. Ndipo watoto hawa wanapoingia jaani kuokota, na huko wanawakuta wenzao akina Kurwa, Doto na Musa. Mtazame kila mmoja anafanya nini: shule inafukuza, baba anafukuza kwa namna yake, jaa linakaribisha. Wa kwanza kuwapa watoto hawa nafasi bila kuwauliza sare ni watoto wenzao wasio na kitu.

Hapo ndipo notisi zetu zinapoteleza. Zinaandika "makundi mabaya" kana kwamba Peter alikuwa na makundi mawili mbele yake, akachagua baya. Lipi lilikuwa zuri? Lile la darasani alishaondolewa. Kwa maoni yangu, nguvu ya riwaya hii iko katika jambo ambalo mhakiki wa haraka hapendi kulibeba: urafiki uleule uliowaokoa na upweke ndio unaowafungulia wavulana mlango wa wafanyabiashara wa dawa za kulevya. Ukikata nusu moja ukabaki na nyingine, umeandika kitabu kingine.

Na Dar es Salaam ile ya majaa haikubuniwa ili kututia huruma. Wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji katika miaka ya 1980 kwa ajili ya moshi na uvundo wa jalala lao, na Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1991. Watu wazima walikuwa na mahakama ya kukimbilia. Watoto waliokuwa wakila kutokana na majalala kama hayo hawakuwa na pa kushitaki.

Mbogo ni mtunzi wa tamthilia kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Giza Limeingia ni yake, Ngoma ya Ng'wanamalundi ni yake. Mkono huo unaonekana hapa pia: watoto wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe, kitabu kinapumua. Unasikia utani, ubabe wa uongo na njaa iliyofichwa ndani ya kicheko. Ila anapokaribia mwisho, mwandishi anaharakisha adhabu. Vifo vinafuatana, polisi wanaingia, na msomaji anaanza kuhisi kidole cha mzee kikitikiswa usoni pake. Kifo cha Zita kwa pepopunda kinauma kwa sababu hakifundishi tabia njema yoyote: mtoto kaingia jaani kutafuta riziki, kaumia, kafa. Maangamizi mengine yananiacha na shaka. Hapo naona msanii aliwaogopa wazazi na wakuza mitaala kuliko alivyowaamini wahusika wake.

Tukimlinganisha na waliotangulia, ugumu wake utaeleweka. Riwaya ya kukua si ngeni kwetu. Muhammed Saleh Farsy alituletea Kurwa na Doto mwaka 1960, Kezilahabi akaja na Rosa Mistika mwaka 1971 (ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, nadhani mnajua kisa), Balisidya akaandika Shida mwaka 1975. Rosa anakua chini ya ukali wa Zakaria, baba yake, na ukali huo haukumwandaa hata kidogo kwa uhuru alioukuta mbali na nyumbani. Msome tena huku ukijiuliza ni nani alikuwa msiri wake wa kweli, utaona upungufu unaotisha. Jirani zetu wana Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo inatuhusu zaidi sisi wa mkoa huu kwa kuwa mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarab, anayevuka mpaka kumtafuta baba yake Kenya. Yule anakua kwa safari. Watoto wa Mbogo hawana nauli. Wanakua palepale, siku moja mtoto, siku ya pili mtafutaji.

Tena Kiswahili chenyewe kilishaujua uzito wa jambo hili. Neno "somo" tumelizoea kwenye ratiba ya vipindi, lakini Pwani somo ni mtu: ni wajina, ni rafiki wa kushibana, ni yule anayemfunda mwari. Fundisho na rafiki vinakaa katika neno moja. Sisi wahakiki tumebaki na maana ya ratiba.

Mtaniwia radhi nikirudi Lutindi kidogo. Wengi wanaijua kwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1896, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na makao ya watoto waliookolewa utumwani mlimani hapo. Watoto waliotoka kwao kusikojulikana, kila mmoja na lugha yake, wakikulia pamoja kwenye ukungu. Ningependa sana mtu aiandike riwaya yao, na siku ikiandikwa tusianze kuuliza ina dhamira ngapi.

Nilimrudishia yule kijana swali lake kama zoezi la darasa zima: waandike kurasa mbili, nani alimpokea nani, na kwa gharama gani. Notisi nilizikataza. Kazi zilikuja na makosa ya tahajia tele, na zilikuwa kazi bora nilizosahihisha muhula ule. Mmoja aliandika kwamba Peter na Zita ni ndugu kwa damu lakini walifanywa marafiki na jaa. Sijalikuta hilo katika mwongozo wowote.

Kazi ya mwenye swali haikufika. Alikuwa ameteremka Korogwe kuuza machungwa kwenye mabasi, karo ilikuwa imegoma. Mwenzake wa dawati ndiye aliyenieleza, kisha akaomba akae na nakala ya kitabu mpaka Jumatatu, kwa sababu Jumapili atateremka sokoni na mwenzake alikuwa hajaimaliza.