Gari la Umeme na Hofu ya Kuishiwa Chaji Njiani: Hesabu ya Barabara ya Songea hadi Njombe

Mji wa Songea uko kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Njombe uko karibu na mita 1,950. Kati ya miji hiyo miwili pana kilomita zipatazo 240, milima ya Lukumburu, na sehemu ndefu zisizo na mji wowote. Mtu wa Songea anayefikiria kuuza gari lake la petroli na kununua la umeme huiwaza barabara hii kabla ya jambo jingine lolote. Je, betri ikiisha milimani, usiku, na watoto wamo ndani ya gari?

Hofu hiyo si ya kipuuzi, wala haikuanza na magari ya umeme. Mwaka 1888, Bertha Benz alipoliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo upatao kilomita 100, Ujerumani haikuwa na kituo cha petroli hata kimoja. Ilimbidi anunue mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch. Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhaba wa mafuta ulikuwa mkubwa hata magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Watu wa wakati ule walijifunza kupima safari kwa lita, si kwa hamu. Gari la umeme linadai kipimo hicho hicho, ila kwa uniti.

Uniti ni neno alijualo kila mnunuzi wa LUKU. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nishati itumiwayo na pasi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Na ichukuliwe kwa mfano Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1917 + 100, yaani 2017. Katika barabara tambarare na kwa mwendo wa wastani, gari la namna hiyo huenda kilomita zipatazo 6 kwa uniti moja. Betri iliyojaa hulifikisha kilomita 240. Lita moja ya petroli, kwa upande wake, ina nishati ya uniti 9 hivi. Kwa kipimo hicho betri nzima ni sawa na lita nne na nusu tu, na mwanafunzi atauliza gari linawezaje kufika popote. Jibu limo katika ufanisi. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo robo tu ya nishati ya mafuta, au pungufu ya hapo. Sehemu kubwa hupotea kama joto kwenye rejeta na katika bomba la moshi. Mota ya umeme hugeuza karibu sehemu tisa katika kumi. Kwa hiyo betri hiyo hufanya kazi ya lita 16 hadi 18 za petroli. Ni tangi dogo, lakini ni tangi.

Sasa mlima. Nishati inayohitajika kukiinua kitu hupatikana kwa kuzidisha tungamo lake, mchapuko wa mvutano na kimo. Gari hilo, pamoja na watu watatu na mizigo yao, lina kilogramu zipatazo 1,800. Kulipandisha mita 800, kutoka kimo cha Songea hadi kimo cha Njombe, ni 1,800 × 9.8 × 800, yaani jouli 14,112,000. Jouli milioni 3.6 hufanya uniti moja. Jawabu basi ni uniti 3.9, na ukiongezwa upotevu wa mota, uniti 4.4 hivi. Hizo ni sawa na kilomita 26 za tambarare. Wengi hudhani mlima ni adui mkubwa kuliko hapo. Hata hivyo, katika safari hii kiasi hicho kinatosha kuamua mambo: kilomita 240 zinataka uniti 40, mlima unataka 4.4, na betri ina 40 tu. Gari halifiki.

Kurudi ni habari nyingine. Gari la umeme linapoteremka, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Ikiwa thuluthi mbili za nishati ya mteremko zitaokolewa, safari ya Njombe hadi Songea itataka uniti 37 na ushei. Barabara ni moja, lakini kwa betri ina urefu wa namna mbili. Hapana budi kuongeza kwamba hesabu hii imetazama tofauti ya vimo vya miji tu. Njiani gari hupanda na kushuka mara nyingi, na kila mteremko hurudisha pungufu ya kilichotumika kupanda. Mwendo nao una gharama yake: ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo dereva anayetoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huongeza kazi ya kuisukuma hewa, kwa kila kilomita, kwa zaidi ya nusu.

Kwa barabara ya Njombe, basi, mwenye hofu ana haki, na muuzaji amwambiaye asijali anamdanganya. Kosa liko kwingine: katika kulipima gari zima kwa safari ambayo huenda mwenyewe huifanya mara nne kwa mwaka. Mwalimu akaaye Bombambili, aendaye kazini, sokoni na Lizaboni kuwatazama wazazi, hatembei zaidi ya kilomita 30 kwa siku. Hizo ni uniti 5. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitoa ampea 10 kwa volti 230, hutoa wati 2,300, na uniti 5 huingia kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Umeme ukikatika usiku mzima hakuna litakaloharibika, kwa sababu betri iliyojaa ina matumizi ya siku nane.

Na mgonjwa wa usiku je? Hili ndilo swali zito kuliko la Njombe. Hospitali ya Peramiho iko kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini. Dereva aliyejiwekea desturi ya kutoiacha betri ishuke chini ya asilimia 20 ana akiba ya uniti 8 wakati wote, nazo ni kilomita 48. Anafika Peramiho, na akiba ya kutosha karibu kurudi bado ipo.

Hesabu hizi zisingekuwa na maana kubwa zamani kidogo. Hadi mwaka 2018 Songea ilitegemea jenereta za dizeli. Kuchaji gari kungekuwa ni kuchoma dizeli mahali pengine. Mwaka huo ilikamilika njia ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, na mji ukaingia katika gridi ya Taifa. Njia hiyo ina kituo cha kupozea umeme Madaba pia, kati ya Songea na Njombe. Umeme upo njiani, ila kwa soketi ya kawaida saa moja ya kuchaji hutoa kilomita 14 tu. Anayetaka akiba ya kutosha kuimaliza safari atalala Madaba. Asiye na nafasi ya kulala apande basi.

Kuhusu hofu yenyewe, liko jaribio la kufaa kukumbukwa. Kampuni ya umeme ya Tokyo, katika miaka ya 2007 na 2008, iliwapa wafanyakazi wake magari ya umeme na chaja moja ya haraka. Madereva waliepuka pembe za mbali za eneo lao na kurudi betri ikiwa bado na chaji nyingi. Ilipowekwa chaja ya pili walianza kwenda mbali na kurudi na chaji kidogo, ingawa chaja hiyo ya pili haikutumika sana. Betri zilikuwa zile zile.

Waendesha bodaboda wa Kigali wamepewa dawa tofauti tangu mwaka 2019: kampuni ya Ampersand huwabadilishia betri iliyoisha kwa iliyojaa, kwa dakika chache. Dawa hiyo inataka pikipiki nyingi katika mji mmoja.

Anayenunua gari lililotumika Japani aanze na betri, si rangi. Leaf huonyesha afya ya betri kwa vipande 12 kwenye dashibodi, na vipande vikipungua, kilomita zote zilizotajwa hapo juu hupungua navyo. Ikiwa betri imebakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, uniti 40 ni 32, na akiba ya Peramiho ni kilomita 38.

Darasa linaweza kuirudia hesabu hii kwa safari ya Mbamba Bay kupitia Mbinga, kilomita zipatazo 165. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Wanafunzi watafute kwanza kimo cha mahali palipoinuka zaidi katika milima ya Umatengo, kwa kuwa gari litokalo ziwani hupanda hadi hapo kabla ya kuiona Songea.