Kidonge Kimoja au Vitatu?

Baada ya ibada huku Mbagala, binti mwenye mimba ya kwanza aliniuliza: "Sista, nimeandikiwa vidonge vitatu vya kalsiamu kwa siku. Kimoja hakitoshi?"

Mama mpendwa, kalsiamu hupunguza hatari ya kifafa cha mimba, hasa kwa asiyepata maziwa na dagaa mara kwa mara. Lakini vidonge vingi ni gharama, tena huchosha.

Swali la binti huyu lilifanyiwa utafiti. Wanawake 11,000 wa Dar es Salaam wenye mimba ya kwanza, na wengine 11,000 wa Bangalore, India, walikubali kushiriki. Nusu walipewa miligramu 500 kwa siku, nusu 1,500. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Hapa kwetu, waliopata shinikizo la damu linalotangulia kifafa hicho walikuwa 30 kwa kila 1,000 waliopewa kiasi kidogo, na 27 kwa waliopewa kikubwa. Tofauti ni ndogo.

Hata hivyo, usijipunguzie dozi. Muulize mkunga wako. Wahi kliniki upimwe shinikizo na mkojo. Ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe au ukivimba uso, usingoje kesho.

Tuwashukuru dada zetu waliokubali kushiriki. Wamewasaidia wengi wasiowajua.