Kuvu Dhidi ya Kuvu: Kinga ya Mahindi ya Mpakani

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, na malori yakapanga foleni kwenye vituo vya mpakani vya Busia na Malaba. Sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu, aflatoksini ikiwa mojawapo. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini katika shehena haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hizo ni mikrogramu 10 katika kilo nzima ya nafaka, kiasi kisichoonekana kwa jicho wala kuonjeka kwa ulimi. Mkulima wa Mulanda, wilayani Tororo, Uganda, aliyemuuzia dalali magunia mawili hana njia ya kukijua. Wengi waliuzungumzia mzozo ule kama ugomvi wa biashara kati ya majirani. Kwangu ni suala la shambani kwanza. Shehena yenye sumu inapofika mpakani, kosa limeshatendeka miezi kadhaa nyuma, hindi likiwa bado kwenye bua, na kinga yoyote tutakayoitafuta lazima ifike huko.

Kuvu inayohusika zaidi, Aspergillus flavus, makazi yake ni udongo na mabua yanayooza. Chembe zake za uzazi hupeperushwa na upepo hadi kwenye ndevu za hindi, au huingia kupitia matundu ya wadudu, na jua kali wakati punje zinajaa huipa nguvu. Baada ya mavuno hupata nafasi ya pili. Mahindi ya msimu wa kwanza huku Tororo na Busia huvunwa kuelekea Julai na Agosti, na mara nyingi mvua za msimu wa pili huanza kabla nafaka haijakauka. Sumu ikishaingia, kusaga hakuitoi, na kusonga ugali hakuiui. Mwaka 2004, Ukambani, Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Madhara ya polepole ni mapana zaidi, kwa kuwa aflatoksini husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Uganda ilikwisha kuonywa zamani: utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulipima sampuli 480 za vyakula vya nchini na kuikuta sumu hiyo katika karibu 30 kati ya kila 100.

Watu wengi wakisikia dawa ya asili ya kuvu hufikiria majani ya mwarobaini, kitunguu saumu au majivu. Fikra hiyo haistahili kupuuzwa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani Deepak Bhatnagar na Susan McCormick walionyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini huizuia kuvu kutengeneza aflatoksini, ingawa yenyewe inaendelea kuota. Lakini chupa ya maabara si shamba. Juani viambato vya mwarobaini huvunjika upesi, mvua huviosha, na nguvu yake hutofautiana kati ya mti na mti. Zaidi ya hayo, kuvu hujificha chini ya maganda ya hindi, mahali ambapo bomba la mgongoni halifikishi kitu. Wala neno asili halitoshi kuwa cheti cha usalama, maana aflatoksini nayo ni zao la asili. Dawa ya asili ipimwe kwa kipimo kile kile cha dawa ya kiwandani: imepunguza sumu kiasi gani, katika mashamba ya watu, kwa misimu mingapi?

Kwa kipimo hicho, iliyofaulu hadi sasa haiui kuvu hata kidogo. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Peter Cotty, aligundua kwenye pamba ya Arizona kwamba si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Zipo zilizopoteza uwezo huo, na zikiongezwa shambani mapema huwahi nafasi na chakula, zile zenye sumu zikakosa pa kukaa. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) na washirika wake waliichukua njia hiyo wakaunda Aflasafe kwa ajili ya Afrika. Inayotumika Kenya, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka 2015 na ina aina nne za kuvu zilizookotwa katika ardhi ya Kenya yenyewe. KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, linaitengeneza Katumani, Machakos. Ukiishika mkononi utaona punje za mtama tu, zilizokaangwa ili zisichipue, zikapakwa chembe za kuvu njema na rangi ya buluu. Mkulima hurusha kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla ya mbelewele kutokeza, udongo ukiwa na unyevu. Siku chache baadaye kila punje huvaa unga wa kijani, na upepo unaanza kazi. Katika majaribio ya nchi nyingi za Afrika sumu imepungua kwa asilimia 80 au zaidi, na kinga hiyo hulifuata hindi hadi ghalani.

Pingamizi la kwanza lina uzito. Tunamwaga kuvu hai shambani, na tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba Aspergillus flavus inaweza kuchanganya uzao. Je, hizi hazitarithi sumu? Jibu ni kwamba shambani kuvu hii huongezeka zaidi kwa kujinakili kuliko kwa kuchanganyika, na aina zilizochaguliwa ni za koo zilizoenea nchini bila sumu kabla mtu hajazigusa. Hilo linapunguza hatari, halifuti haja ya kupima upya mwaka hadi mwaka. Pingamizi la pili nalikubali kabisa: dawa hii haizuii fumonisini, sumu ya kuvu ya jamii nyingine, Fusarium. Ndiyo maana anayeiuza kama badala ya kuanika anawapotosha watu. Turubai bado linahitajika, na nafaka haiingii ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Asiye na mashine atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani, mahindi bado ni mabichi.

Linalonisumbua zaidi ni gharama. Kinga hii hununuliwa na mkulima, ilhali faida yake kubwa humwendea mlaji asiyemjua, na dalali hulipa bei ile ile kwa gunia safi na gunia chafu. Nchini Nigeria mradi wa AgResults uliziba pengo hilo kwa kulipa dola 18.75 kwa kila tani ya mahindi yaliyokingwa, na wanunuzi wakubwa wa nafaka wakawa na sababu ya kuingia. Kwa mwenye ekari moja Mulanda njia iliyo karibu ni chama cha wakulima kinachopima na kuuza kwa pamoja, kwa sababu kipimo kimoja cha maabara kinaweza kugawanywa kwa shehena nzima lakini hakilipiki kwa magunia mawili. Mpaka nao una lawama yake. Kila nchi husajili dawa yake kivyake, ingawa chembe za kuvu huvuka kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya bila pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshakubaliana juu ya kiwango kimoja cha sumu, zile sehemu 10 kwa bilioni. Yakubaliane pia mashirika ya utafiti: matokeo ya majaribio ya Alupe, upande wa Kenya, yasomwe Kampala kama ushahidi, na ya Tororo yasomwe Nairobi.