Je, Wajua? Riwaya iliyozuiwa shuleni ikarudi darasani

Je, wajua kwamba Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, kisha miaka ya baadaye ikateuliwa kusomwa katika shule za sekondari? Iliyataja waziwazi mapenzi, mimba na ulevi, na wengi walishtuka. Lakini kiini chake ni uhuru. Rosa analelewa na Zakaria, baba mkali asiyetaka hata kumwona karibu na wavulana. Anapofika shule ya bweni, uhuru unamjia kwa ghafla, naye hajafundishwa kuutumia. Nani basi aliyempoteza: yeye mwenyewe, baba yake, au jamii nzima? Kezilahabi hakumpa msomaji jibu rahisi, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Katika Kichwamaji (1974), msomi Kazimoto anahoji kama maisha yana maana yoyote. Mwaka huohuo mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe, alidai uhuru wa sanaa yenyewe: diwani yake ya Kichomi iliacha vina na mizani, ukazuka ubishi mkali miongoni mwa washairi. Nagona na Mzingile, riwaya fupi za miaka ya 1990, zilivunja hata mpangilio wa hadithi tuliouzoea.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kama hujamsoma, anza na Rosa Mistika, kisha Kichwamaji. Na Nagona isikutishe kwa ugumu wake. Isome mara mbili.