Picha Nyuma ya Maandishi

Anayejitengenezea ukurasa wa tovuti kwa mara ya kwanza huweka picha nyuma ya maandishi, kisha akashangaa kuiona imejirudia mara 12 kama maua ya kitenge. Kivinjari hakikukosea. Tangu Netscape ilipoanza kukubali picha za nyuma mwaka 1995, kanuni ya kawaida ni kwamba picha isiyoijaza nafasi hurudiwa kwa upana na kwa kimo hata nafasi ijae. Picha ya nukta 300 kwa 200, katika nafasi ya nukta 1,200 kwa 600, hutokea mara 4 kwa upana na mara 3 kwa kimo. Zama zile mawasiliano yalikuwa ya polepole mno, hivyo kurudia picha moja ndogo kulikuwa busara.

Lugha ya mitindo, CSS, iliyoidhinishwa Desemba 1996, ilileta amri ya kuzuia marudio. Amri ya kuitanua picha ifunike nafasi yote ilifuata baadaye, nayo hukata kingo: picha pana ikiingia katika kioo chembamba cha simu, hupoteza pande zake.

Shida kubwa, hata hivyo, ni usomaji. Maandishi meupe juu ya picha ya bahari huonekana penye kina, hupotea penye povu. Miongozo ya W3C yataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake. Dawa nyepesi ni kuweka ukanda wa rangi moja kati ya picha na maandishi, kama wachapaji wa kanga wafanyavyo kwa jina la kanga.