Kuchora Uso wa Ubao wa Vitufe vya Michezo

Mashine za michezo ya video zilizoenea Japani na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ziliwaletea watengenezaji wake tatizo ambalo mwalimu wa shule ya msingi analijua vema. Mchezaji alisimama mbele ya chombo asichopata kukiona, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza. Ilibidi michoro ya ubao imfundishe. Siku hizi watu wengi hujitengenezea ubao kama huo nyumbani na kuuunganisha na kompyuta. Mwalimu naye aweza kuutengeneza kwa michezo ya hesabu au tahajia. Makala haya yaeleza jinsi ya kuchora uso wake.

1. Kazi kwanza, pambo baadaye

Orodhesha kazi ya kila kitufe kabla ya kushika penseli. Mchezo wa Asteroids, uliotolewa na Atari mwaka 1979, ulikuwa na vitufe vitano: viwili vya kugeuza chombo kushoto na kulia, na vitatu vya kukisukuma mbele, kufyatua risasi na kuhamia ghafla mahali pengine. Bila maandishi mchezaji angepotea. Pac-Man ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1980, ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kuelekeza pande nne. Hapa twajifunza kwamba vitufe vikiwa vingi, pambo halina budi kupungua.

2. Vipimo

Chora ubao kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi ya manila. Vitufe vya kazi hii aghalabu huhitaji tundu lenye kipenyo cha milimita 28 au 30. Kwa bikari, chora duara la tundu, kisha duara kubwa zaidi la ukingo wa kitufe. Chochote kilichomo ndani yake kitafichika. Andika jina la kitufe juu yake, si chini, kwa maana kiganja hufunika sehemu ya chini. Mwishowe, rangi ipite mpaka wa ubao kwa milimita 10 hivi, ili ukikata kingo usibaki mstari mweupe.

3. Rangi na alama

Wamo watoto, hasa wavulana, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo rangi isiachwe kufanya kazi peke yake. Iambatane na umbo, kama vile mshale, nyota au pembetatu. Maandishi meusi yakae juu ya rangi nyepesi. Picha kubwa ya kupendeza iwekwe pembeni, isije ikayavuta macho mbali na vitufe.

4. Kujaribu

Usigandishe kitu bado. Tandaza manila mezani, na mahali pa vitufe weka vizibo vya chupa za soda, ambavyo ukubwa wake wakaribia ule wa vitufe. Mwite mwanafunzi, mwambie acheze, kisha unyamaze. Tazama mkono wake unakwenda wapi kwanza na unasita wapi. Panaposita mkono, mchoro una kasoro.

Hatua hii isirukwe. Mtoto anayebonyeza kitufe kisicho chake huhesabiwa kuwa hajui jibu, kumbe jibu analijua, ila ubao haukumwonyesha pa kulitolea. Alama ya kosa huandikwa kwa jina lake, wala si kwa jina la ubao.

5. Kukamilisha

Mchoro ukishafaa, uchore upya kwa usafi, ubandike kwa gundi, na ukate matundu kwa wembe mkali. Juu yake weka plastiki ngumu inayopitisha mwanga, iliyotobolewa sawasawa na ubao. Bila hiyo, jasho na vumbi vitafuta wino upesi.

Zoezi

Chora uso wa ubao wa vitufe vinne kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ambao hawajajua kusoma. Usitumie neno hata moja. Ujaribu kwa watoto watatu, kisha ueleze ulichobadilisha na sababu yake.