Cheo Jukwaani, Deni Nyumbani: Gharama Fiche za Biashara ya Ngazi

Ni Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kukodi katikati mwa jiji la Kisumu. Muziki unachezwa, jina linatajwa, na mama aliyevaa suti mpya anapanda jukwaani kupokea cheti na beji. Amefika ngazi ya "Fedha". Ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi. Hakuna anayemuuliza ametumia pesa ngapi kufika hapo.

Mikutano ya aina hii si migeni kwa wakazi wengi. Biashara yenyewe huitwa uuzaji wa ngazi au "biashara ya mtandao", ingawa mtandao unaozungumziwa ni wa watu, si wa intaneti. Mwanachama hununua bidhaa za kampuni, kwa mfano virutubisho, vipodozi au dawa ya meno. Kisha huziuza na kuwaalika wengine wajiunge chini yake. Hupata faida ya mauzo yake mwenyewe, pamoja na kamisheni kutokana na manunuzi ya aliowaalika.

Kampuni nyingine za aina hii zimesajiliwa na zinauza bidhaa halali. Makala haya hayasemi kila mwanachama ametapeliwa. Yanahusu jambo moja ambalo halitajwi ukumbini: bei ya cheo.

Sifa ina bei yake

Sisi wa pande hizi za ziwa tunajua utamu wa kusifiwa. Katika pakruok, mtu hutoa pesa, muziki husimama kidogo, naye hujisifu au kumsifu rafiki, mkwe au kijiji chake. Watu hucheka, ngoma inaendelea. Aliyetoa pesa anajua ametoa kiasi gani na amepata nini.

Kwenye biashara ya ngazi, malipo hayaonekani waziwazi hivyo. Kupanda cheo hutegemea pointi, na pointi hutokana na bidhaa zilizonunuliwa. Mara nyingi kuna kiwango cha chini cha manunuzi kila mwezi ili mwanachama abaki kwenye ngazi yake au astahili kamisheni. Mwezi ukikaribia kuisha na wateja hawajapatikana, wengi hujinunulia wenyewe ili wasishuke. Hapo muuzaji amegeuka mteja, na makofi anayopigiwa ameyalipia kutoka mfukoni mwake.

Hesabu ya miezi sita

Tuchukue mfano wa mama muuza omena mwenye mtaji wa shilingi 30,000. Takwimu hizi ni za kufafanulia tu.

Anajiunga kwa kununua bidhaa za kuanzia kwa shilingi 12,000. Kila mwezi anatumia:

- Manunuzi ya kulinda cheo: shilingi 8,000
- Kiingilio cha mafunzo mawili: shilingi 1,000
- Nauli na chakula: shilingi 800
- Simu na bando: shilingi 600

Jumla ni shilingi 10,400. Kwa mwezi huohuo, anauza bidhaa za shilingi 5,000 na kupokea kamisheni ya shilingi 2,400. Zinazoingia ni shilingi 7,400. Amepata hasara ya shilingi 3,000.

Kwa miezi sita hasara hiyo inafika shilingi 18,000. Ongeza zile 12,000 za kuanzia, unapata shilingi 30,000. Mtaji wote wa omena umekwisha. Kilichobaki ni cheti ukutani na makopo chini ya kitanda, mengine yakikaribia tarehe ya kuharibika.

Jukwaani hutajwa kamisheni peke yake: "Huyu amelipwa 2,400 bila kufungua duka!" Matumizi ya shilingi 10,400 hayatajwi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Gharama zisizoingia kwenye daftari

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko pesa. Wa kwanza kualikwa huwa ni dada, shemeji, jirani, washirika wa kanisani na wanachama wa chama. Wanajiunga kwa sababu wanamwamini aliyewaalika. Wakipoteza pesa, hawaidai kampuni. Wanamdai yeye.

Chama huendeshwa kwa uaminifu. Mwanachama aliyetumia zamu yake kununua pointi akashindwa kuchanga mwezi unaofuata, hujikuta hapokelewi simu. Wengine hukopa kwa simu ili wasishuke cheo, na deni huendelea kukua hata baada ya beji kurudishwa.

Vilevile kuna aibu. Mtu aliyepigiwa makofi mbele ya watu mia mbili huona vigumu kukiri kuwa hakuna faida. Basi huendelea kununua na kualika, na kimya chake huwaingiza wengine.

Wengi hupata nini?

Mnamo Septemba 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu taarifa za mapato za kampuni 70 za uuzaji wa ngazi. Katika nyingi, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi. Taarifa nyingi hazikuondoa gharama walizotumia washiriki hao.

Nchini Kenya tuna funzo letu wenyewe. Katika miaka ya 2006 na 2007, mipango ya piramidi kama DECI ilivunjika na kuacha familia nyingi bila akiba. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilibaini kuwa zaidi ya Wakenya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Piramidi si sawa na biashara ya ngazi iliyo halali. Tofauti iko kwenye chanzo cha pesa. Ikiwa mapato yanatoka kwa wateja wa nje wanaotaka bidhaa, hiyo ni biashara. Ikiwa yanatoka kwa wanachama wapya wanaolipa ili kuingia, wa mwisho kuingia ndiye atakayelia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, kuna watu wasio wanachama wanaonunua bidhaa hii kwa bei hii?
2. Nisipomwalika mtu yeyote, nitapata faida?
3. Ni lazima ninunue kiasi gani kila mwezi ili nibaki kwenye cheo?
4. Bidhaa zisipouzika, nitarudishiwa pesa? Sharti hilo limeandikwa wapi?
5. Aliyenialika anaweza kunionyesha matumizi yake, si mapato peke yake?
6. Bidhaa ina alama ya ubora ya KEBS? Ikidaiwa kutibu kisukari au presha, daktari anasemaje?

Ukiambiwa maswali haya ni "mawazo hasi", hilo lenyewe ni jibu.

Ikiwa tayari umeingia

Andika matumizi na mapato yako yote ya miezi mitatu iliyopita, kisha mwonyeshe mtu asiye mwanachama. Acha kununua ili kulinda cheo. Uliza kwa maandishi kuhusu kurejesha bidhaa, na utunze risiti na ujumbe wa M-Pesa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki na vyama vya ushirika. Kwa hivyo wakazi wanaweza kufika katika ofisi za biashara na ushirika za kaunti kwa ushauri. Malalamiko ya mlaji hupokelewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Unaposhuku utapeli, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Muuza samaki wa Dunga au mshonaji wa Kibuye huenda asiitwe jukwaani kamwe. Lakini mteja akirudi kwake kesho, amemtambua, na utambuzi huo haukumgharimu mtaji wake.